Kioo cha Kutazamia Mawingu

Dagaa walikuwa wa wifi. Naanza na hilo kwa sababu wangekuwa wangu, au wa jirani, shauri lingekwisha siku ileile kabla chai haijapoa. Lakini walikuwa wa wifi, mabeseni kumi na moja, wamenunuliwa kwa mkopo wa kikoba, na mimi ndiye niliyewaparamia na Noah kinyumenyume, saa tatu asubuhi, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri boti ya Kagunga. Tangu siku hiyo watoto wa uwanja wetu hawaniamkii tena sawasawa. Nikipita wanasema "pi, pi, pi," ile sauti ya Noah ikiingizwa rivasi, halafu wanakimbia.

Mtu asiyekaa Kibirizi hataelewa uzito wa mabeseni kumi na moja bila kuambiwa ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kutia wavu, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu mwalo ulikaa kimya mpaka tukawa tunasikia kunguru wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Wanawake wa dagaa walihamia kwenye mawese na mihogo. Wifi, ambaye hawezi kukaa bure bila kumkagua mtu, alishinda barazani akinikagua mimi. Ziwa lilipofunguliwa, mwezi nao ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima ni taa moja. Dagaa hana sababu ya kuifuata taa ya mvuvi. Tukangoja tena. Giza lilirudi mwanzoni mwa Septemba, na mitumbwi ikaanza kurudi alfajiri maji yakiwa vidole vinne tu chini ya ukingo. Wifi akapiga hesabu, akaenda kwenye kikoba chake, akarudi na mkopo. Siku ya pili dagaa wake walikuwa juu ya kichanja, weupe, wanameta kama shilingi mpya.

Kichanja chenyewe zamani hakikuwa pale. Kilikuwa ufukweni, na Noah ilikuwa na nafasi yake ya kugeuzia. Halafu ziwa likaanza kupanda. Miaka ya karibuni maji yamekula ufukwe huku kwetu, na ng'ambo za Bujumbura na Uvira vilevile, kila mtu akarudi nyuma. Kwetu sisi kurudi nyuma kulimaanisha vichanja vya wifi kupanda hadi kwenye migomba yangu, na njia ya gari ikabaki na upana wa gari. Nililalamika. Wifi akaniambia nikalalamike ziwani.

Sasa Noah. Ni ya 2004, ilitoka Japani na wenyewe wakiwa wameishaichoka, nami naipenda kwa sababu hainipi maneno. Katikati ya wiki inabeba magunia ya dagaa kwenda stesheni na stendi. Jumamosi inaoshwa kwa sabuni ya unga na kubeba maharusi, ambao huketi wakinusa na kutazamana. Kwa nyuma ina kioo kipana, ungedhani dereva anaona hadi Kongo. Na kweli anaona hadi Kongo. Siku isiyo na ukungu nikiiegesha mkia ukielekea ziwani, kwenye kioo cha ndani naiona milima ya ng'ambo, na mawingu yake. Nisichokiona ni kilichopo kati yangu na Kongo.

Asubuhi ile nilikuwa na magunia manne ya mteja wa Tabora. Ili magunia yaingie, viti vya mwisho vya Noah hukunjwa, vikapandishwa na kufungwa ubavuni, huku kimoja na huku kimoja. Wajapani walibuni vizuri, isipokuwa viti hivyo vikishapanda vinaziba vile vidirisha viwili vya pembeni ambavyo ndivyo pekee vingekuonesha nani amesimama kwenye kona. Magunia nayo yalipanda juu ya ukingo wa kioo kwa kiasi cha shubiri moja. Na juu ya kioo chenyewe kulikuwa na stika, herufi nyeupe kutoka pembe hadi pembe: UKIONA VYAELEA VIMEUNDWA. Niliilipia mwenyewe. Fundi wa stika aliniuliza kama nataka herufi kubwa au ndogo, nikamwambia kubwa, sikununua gari nipate kunong'ona.

Kamera? Ilikuwapo. Noah ilishuka melini na kamera yake ya nyuma na skrini yake mbele, safi kabisa. Kisha betri ikafa. Fundi akachomoa ya zamani, akaweka mpya, na skrini ilipoamka haikututambua. Iliandika mstari wa Kijapani na kudai namba ya siri. Mwalimu, ndiye mume wangu, alijaribu mwaka wake wa kuzaliwa, akajaribu wangu, akajaribu 1234. Skrini ikajifunga kabisa. Tangu hapo ukitia rivasi inakutazama tu na maandishi yake, kama mgeni asiyejua lugha anayeona nyumba inaungua.

Kwa hiyo Mwalimu alitoka nje kunielekeza. Anafundisha hesabu sekondari na anaamini kuelekeza gari ni tawi la hesabu. "Rudi," akasema. "Rudi, rudi. Kata kwangu. Kwangu, mama, si kwako! Sasa nyoosha. Rudi, rudi, rudi." Nilimwona kwenye saiti mira ya kushoto, halafu sikumwona. Alikuwa ameingia nyuma ya nguzo ya nyuma ya gari, ile inayoshika paa, ambayo kwa mtu aliyeketi kwenye usukani ni pana kama mlango. Simu yake ikalia. Nikasikia, "Shikamoo mkuu." Nikapunguza mwendo. Kisha nikasikia, kwa sauti kubwa, "Hapo hapo!"

Nikaenda hapo hapo.

Watu wanadhani nilikipiga kichanja kwa kioo. Hapana. Bampa ndilo lililopiga, chini, kwenye miguu. Kichanja cha wifi kina urefu wa sentimita 80, lakini nguzo zake nne zimeachwa zipande juu zaidi ya kimo cha mtu mfupi, ili mvua ikija turubai lifungwe. Gari liliposukuma miguu kwenda kule, kichwa cha kichanja kikaja kwetu. Nguzo moja ikatua katikati ya kioo, na nyuma yake, kwa utulivu, kama maji yanayomwagwa na mtu asiye na haraka, wakaja dagaa.

Kioo cha mbele cha gari kikipigwa kinapasuka mistari lakini kinabaki mahali pake, kwa sababu ni vioo viwili vimegandishwa kwa utando katikati. Cha nyuma si hivyo. Kinapikwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600, kisha kinapulizwa hewa kikapoa ghafla, kikawa kigumu cha kustahimili mengi. Ila siku kinapokubali kuvunjika kinavunjika chote kwa mara moja, punje kwa punje, zisimkate mtu koo. Ni hekima kubwa. Punje zenyewe ni kama chumvi ya mawe ya Uvinza. Sasa chukua kikapu cha chumvi ya mawe inayometa, ichanganye na mabeseni kumi na moja ya dagaa wanaometa, chini ya jua la saa tatu, halafu mwambie mtu achambue.

Mahali pamoja tu kioo hakikutawanyika. Stika ilikuwa imekishika. Kipande cha ukubwa wa sinia kilishuka kizima, kikalala chali juu ya lundo la dagaa, kimeandikwa UKIONA.

Wifi alitoka jikoni na upawa mkononi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisoma lile neno. Akanitazama. Akasoma tena. Mfanyabiashara mmoja wa Kikongo aliyekuwa akisubiri boti alisogea, akachungulia ndani ya Noah ambako dagaa walikuwa wamejaa hadi kwenye kiti cha maharusi, akauliza kwa upole wa kweli, "Mama, motokari yako inakula ndagala?"

Tulichambua mpaka adhuhuri. Ulikuwa ujinga, lakini huwezi kumwambia wifi hivyo wakati amepiga magoti. Kila ukimtoa dagaa unaona jicho lake linameta, unajiuliza ni jicho au ni kioo. Baba mkwe ndiye aliyekomesha. Aliagiza shimo lichimbwe chini ya mchikichi, wote wakafukiwa, kuku wasifikie, na juu yake likawekwa jiwe. Watoto walisimama kimya kana kwamba ni mazishi. Mmoja akauliza kama tutafanya arobaini.

Kesi ilikaa baada ya Magharibi. Baba mkwe ni mvuvi mstaafu, miaka arobaini ziwani, na huongea kama mtu aliyezoea kusikilizwa na watu waliolowa. Aliketi kwenye kiti chake cha kamba, wifi kulia, mimi kushoto, Mwalimu katikati akijifanya shahidi.

"Shikamoo Baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Dagaa wa mwenzio umewaona?"

"Sikuwaona, Baba. Ndiyo maana tuko hapa."

Wifi akadakia kwamba kichanja ni kikubwa kuliko kitanda, kina nguzo nne, kina dagaa weupe juu yake, na mtu mwenye macho mawili na vioo vitatu akisema hakukiona basi ana lake moyoni. Nikajibu kwamba nilikuwa na mtu wa kuniangalizia, kaka yake, tumbo moja, na yeye ndiye aliyeniambia niende. Mwalimu akaruka: hakuniambia niende, aliniambia nisimame.

"Ulisemaje hasa?" akauliza Baba.

"Nilisema hapo hapo."

"Nami nikaenda hapo hapo," nikasema.

Hapo kesi ikakwama kwa saa nzima. Mwalimu alishikilia kwamba "hapo hapo" maana yake ni usipite hapo. Wifi, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau kunichukia, akasema mtu akikukuna mgongo ukamwambia hapo hapo hujamwambia aache. Baba alikumbuka kwamba kwenye mtumbwi "hapo hapo" ni tia nanga. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye hakualikwa, akasema kwa utingo wa malori alioishi nao neno hilo lilimaanisha vitu vingi na vingine si vya kusemwa mbele ya wakwe. Mimi nikauliza swali langu moja tu: alipokuwa anasema, alikuwa wapi? Akaonesha. Alikuwa kwenye kona ya kushoto, nyuma ya ile nguzo.

"Ulikuwa unaniona uso?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi na mimi sikuwa nakuona."

Makonda wa daladala wanalijua hili kuliko walimu wa hesabu. Anayemrudisha dereva husimama pale anapoliona jicho la dereva kwenye saiti mira. Akilipoteza, anapiga bodi ya gari kwa kiganja, na gari linasimama hata kama hakuna kitu. Mwalimu hajawahi kuwa konda. Ni pengo katika elimu yake.

Baba aliahirisha. "Kesho asubuhi," akasema, "leteni uzi wa nyavu."

Asubuhi Noah ilikuwa palepale, shimo kubwa nyuma yake, inanuka kama ghala. Magunia tulikuwa tumeyashusha. Baba aliniketisha kwenye usukani kama ninavyoketi siku zote, akanipa ncha ya uzi niishike usawa wa jicho. Ncha ya pili akaipitisha ndani ya gari, juu ya viti, ikatoka pale kioo kilipokuwa. Kioo kingekuwapo tusingeweza. Nilimwambia wifi kwamba angalau nimechangia elimu, hakucheka. Uzi ukavutwa, ukagusa ukingo wa chini wa dirisha, ukanyooka, na Mwalimu akawa anaufuata huko nje hadi ulipogusa ardhi. Uwanja wetu pale ni tambarare, kwa hiyo hakuna wa kusingizia mteremko.

Ulikwenda. Ukapita ulipokuwa kichanja, ukapita mgomba wa kwanza, ukapita mgomba wa pili. Uligusa ardhi mita saba na kidogo nyuma ya gari.

Mwalimu aliandika chini kwa kijiti. Jicho langu liko mita moja na nusu kutoka ardhini. Ukingo wa dirisha la nyuma uko mita moja na sentimita kumi. Kati ya jicho na ukingo kuna mita mbili na sentimita 65. Kwa hiyo mstari wa macho yangu, kama alivyouita, unashuka sentimita 40 tu kwa umbali huo wote, na ili ushuke mita moja na sentimita kumi zilizobaki inabidi usafiri sana. Kila kitu kilicho chini ya uzi, mimi sikioni. Wakaweka ndoo ya lita ishirini: inapotea ikiwa karibu mita tano. Wakasimamisha ubao wa urefu wa kichanja: unapotea mita mbili kabla ya kugongwa. "Mita mbili za mwisho," Mwalimu akasema taratibu, "alikuwa anakwenda kwa kumbukumbu." Niliipenda sentensi hiyo. Nilimwomba airudie wifi asikie.

Kisha mimi mwenyewe nikasema warudishe gunia moja. Likawekwa pale pale lilipokuwa, shubiri moja juu ya ukingo. Uzi ukavutwa upya. Safari hii haukugusa ardhi ya kwetu. Ulitoka uwanjani, ukavuka njia, Mwalimu akiufuata huku ameinua mkono, watu wa boti wakimpisha, mpaka miguu yake ikaingia majini. Akageuka akapunga. Baba alicheka hadi akakohoa. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiona kwenye kioo: Kongo na mawingu yake.

Halafu kitinda mimba wa wifi, ambaye hajafikisha miaka miwili na nusu, akaona uzi umenyooka akadhani ni mchezo. Akaja mbio, akasimama karibu na bampa, hatua mbili fupi, akanyoosha mikono auguse. Hakuufikia. Akaruka. Hakuufikia. Mimi nilikuwa bado nimeketi kwenye usukani na ncha yangu ya uzi, shingo nimeigeuza, nikasikia anacheka na sikuona hata unywele.

Sikusema kitu. Wala wifi. Alikwenda akambeba, akampiga kikofi kidogo cha makalio kisicho na kosa, akarudi akasimama mahali pake.

Usiku Mwalimu alinisomea kwenye simu habari ambayo sikuwa nimeiomba. Mwaka 2002, Marekani, daktari wa watoto, Greg Gulbransen, alikuwa akirudisha gari lake refu nyumbani kwake usiku. Alitazama vioo vyote. Mwanawe Cameron, miaka miwili, alikuwa ametoka nje bila yeye kujua. Sheria iliyotokana na hilo inabeba jina la mtoto. Rais aliitia saini mwanzoni mwa 2008, halafu watu wa kanuni na watu wa viwanda wakavutana miaka na miaka, na ikawa Mei 2018 ndipo kila gari dogo jipya linalouzwa kule lilipolazimika kuwa na kamera, limwoneshe dereva uwanja wa mita 3 kwa 6 nyuma yake. Serikali yao ilikuwa imekadiria kwamba watu 210 hufa kila mwaka kwa magari yanayorudi nyuma. Japani nayo ikaweka sharti lake, kuanzia miundo mipya ya Mei 2022. Noah yetu wakati huo ilikuwa na miaka kumi na minane na ilikuwa Kibirizi ikidai namba ya siri.

"Zima simu," nikamwambia. Nilikuwa namuona yule mtoto anaruka.

Hukumu ya Baba ilitoka siku ya tatu, nayo kwa maoni yangu ilimpendelea mwanawe. Nilipe mabeseni sita. Mwalimu alipe matano, kwa neno lake. Wifi asogeze vichanja. Wifi akasema atavisogeza ziwa likirudi lilikotoka.

Wiki hiyohiyo shemeji alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na Toyota C-HR, gari jeusi lenye mgongo uliobinuka na dirisha la nyuma dogo kama la choo. Nilimuuliza anaonaje. Akanionesha kamera. Alikuwa na maelezo yote, shemeji huwa nayo: magari siku hizi ukingo wa madirisha umepandishwa ili mlango umlinde mtu akigongwa ubavuni, nguzo za paa zimenenepeshwa ili gari likipinduka paa lisibonyee, na ndani yake mifuko ya hewa hupita, mkia unainuliwa ili upepo uteleze na mafuta yasiliwe. Wala udogo si mpya, akasema, Volkswagen zile za mgongo wa duara hadi 1953 zilikuwa na vidirisha viwili vya nyuma vilivyogawanywa na bati katikati. Yote sawa. Waliochora hawakukosa akili. Ila nikitazama lile dirisha nilihisi mchoraji wake hajawahi kuanika kitu chochote nje ya nyumba yake, hata nguo.

Alipokuwa anatoka aliingiza rivasi, akatulia, akasogeza uso kwenye skrini. Yote ilikuwa ya kahawia. Vumbi la safari lilikuwa limeganda kwenye jicho la kamera. Ilimbidi ashuke, atemee kitambaa mate, afute. Wifi aliyaona hayo akiwa anapepeta, akashusha ungo.

"Siku hizi," shemeji akajitetea, "kuna gari la Kiswidi, Polestar 4, limetoka 2023, halina kioo cha nyuma kabisa. Bati tupu. Ni kamera na skrini tu."

"Hilo ndilo angenunua huyu," wifi akasema. "Halina cha kuvunja."

Kioo chetu kilitoka Gerezani, Dar es Salaam, cha gari lililochinjwa, kikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi kikiwa kimefungwa godoro. Wakati huo wote tuliendesha na nailoni, na kwenye mwendo ilipiga papapapa hata maharusi wakakataa kupanda. Kilipofunguliwa tukakuta mwenyewe wa zamani naye alikuwa na stika. TUTAONANA BAADAYE, imeandikwa kwa mkato wa nakshi. Mwalimu alisema tuiache, ni ya upole. Nikaikwangua kwa wembe na maji ya moto, nikamaliza hadi nukta.

Fundi alipokuwa anakipachika aliuliza swali moja. Juu ya mlango wa nyuma, nje, kulikuwa na kitako chenye tundu mbili za skrubu. "Mama, kioo cha hapa kiko wapi?"

Kioo gani?

Akanieleza: Noah na Hiace nyingi hutoka Japani na kioo kidogo cha mbinuko kimening'inia pale juu, kinatazama chini. Ukiwa kwenye usukani unakitazama kupitia kioo cha ndani, kinakuonesha bampa lako na ardhi ya nyuma yake. Ndicho kinachoona chini ya uzi.

Nilikijua. Kilikatika kitako siku moja gari likioshwa, mwaka juzi, tukakubaliana ni urembo wa Wajapani. Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama ukuta wa bafu, ambako kwa miaka miwili kioo kile kimepigwa msumari, naye kila asubuhi hunyolea ndevu hapo akilalamika kwamba kinamfanya aonekane na pua kubwa.

Jumamosi iliyofuata nilirudisha Noah kwa mara ya kwanza tangu kioo kipachikwe. Bila gunia. Kioo cha Mwalimu kilikuwa juu mahali pake, bado kina tone la sabuni. Niliona bampa langu mwenyewe, jambo la ajabu kidogo, kama kuona kisogo. Niliona kichanja, kimesogezwa hatua moja, moja tu, wifi ni mtu wa neno lake. Na kando yake, amepinda kwa mbinuko wa kioo, kichwa kikubwa na miguu midogo, nikamwona wifi amemfukuza kaka yake na kushika nafasi. Mtoto alikuwa mgongoni kwake ndani ya kanga.

"Rudi," akasema. "Rudi. Rudi wifi, njoo. Njoo."

Kisha akavuta pumzi, akapiga "SIMAMA!" ya kumsimamisha maiti. Nikakanyaga breki. Mwalimu alisimama na kikombe mdomoni. Na nyuma yake, kwenye maji, nahodha wa boti ya Kagunga, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeng'oa nanga, alizima injini na kugeuka kutazama nani ameachwa.